Kanda za Mkia Nje

Ulipita pale, usinitikisie kichwa. Jumanne ile asubuhi, lori lilipotoka kwenye lango la redio likiwa limejaa makasha mpaka juu, ulikuwa upande wa pili wa barabara na uliona. Turubai halikufika nyuma. Makasha mengine yalikuwa yamefunguka na kanda zilikuwa zinaburuta lami, nyembamba, za kahawia, zinameta juani. Moja ilikunasa kiatuni. Uliinua mguu, ukaitoa kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa utando wa buibui, ukaangalia simu, ukaenda zako. Mlinzi wa lango ndiye aliyenieleza. Amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na tisa na kumbukumbu yake haina matobo kama yako. Anasema mlipita wengi na wote mlikuwa na haraka. Siku zote mna haraka kitu kikibebwa mchana kweupe.

Ngoja nikwambie ulichokikung'uta kiatuni.

Miaka arobaini na mmoja iliyopita redio ile ilikuwa na okestra. Watu hamsini na nane wa ajira ya kudumu: fidla, selo, zumari, tarumbeta, ngoma kubwa za shaba, na mwongozaji tuliyemwita Bwana Fimbo kwa sababu ya kile kijiti chake, ambacho alikuonyeshea hata akiomba umsogezee chumvi. Bwana Fimbo aliamua okestra yetu irekodi konseto zote tano za piano za yule mtunzi mkubwa wa zamani, yule ambaye sanamu ya kichwa chake huwekwa juu ya piano za watu wasiojua kupiga. Wakubwa walimcheka. Walisema zimesharekodiwa na mabingwa wa dunia, watu wananunua santuri, sisi tunatafuta nini humo. Alijibu kwamba hata uji umeshapikwa na wengine, lakini yeye asubuhi hunywa wa kwake.

Konseto, kwa usiyejua, na mimi sikujua, nilijifunza nikiwa na ufagio mkononi, ni mtu mmoja na chombo chake mbele ya okestra nzima. Wanabishana. Mara wanamfunika, mara anawaponyoka, mara wanatulia na kumsindikiza. Nilipoelewa hivyo nikasema, hiki kitu kimeandikwa kwa ajili yangu. Maisha yangu yote nimekuwa nikibishana na watu hamsini na nane.

Wapigaji wanne wa piano waliitwa kutoka huku na huko. Konseto ya nne ilipigwa na dada yangu, mtoto wa tumbo moja na mimi. Mama yetu alikuwa anasafisha ukumbi wa shule, na humo kulikuwa na piano yenye meno kumi na moja mabovu. Dada alijifunzia pale, akiyaruka yale mabovu, hata vidole vyake vikabaki na kusita kidogo mahali ambapo piano nzima haikupi sababu yoyote ya kusita. Siku ya kwanza ya mazoezi aliomba radhi. Bwana Fimbo akamwambia, "Acha hivyo hivyo, mama. Wengine hulipia shule miaka kumi kutafuta hicho."

Konseto ya nne haianzi kwa kishindo. Piano inaanza peke yake, taratibu, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta watu wamenyamaza wanamsubiri. Na ile sehemu ya pili, nyuzi zote zinamfokea kwa pamoja, sauti kavu, nzito, za mkurugenzi aliyeshika barua ya onyo. Piano haifoki. Inajibu chini chini. Wanafoka tena, inajibu tena, mpaka wanaishiwa pumzi wenyewe. Nilikuwa chumba cha mitambo, nimeshika gurudumu la kanda la akiba. Kwenye mashine alikuwepo Pamba, mkuu wa stoo ya kanda, tuliyemwita hivyo kwa kuwa husikii akitembea. Machozi yalimlengalenga. Nilipomtazama alisema kiyoyozi kina vumbi. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu mwaka uliopita.

Konseto ile ilirushwa hewani mara moja tu, Jumapili mchana, na mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika. Dada hakujisikia. Kesho yake akanifuata stoo, maana wakati huo nilikuwa nimeshaweka ufagio chini na kuwa mtunza kanda.

"Mdogo wangu, nitolee nakala."

"Kanda haitoki stoo, dada."

"Nimesema nakala, sijasema kanda."

"Nakala ndiyo mlango wenyewe. Leo wewe, kesho mke wa mkurugenzi, keshokutwa tunazikuta sokoni."

"Kwa hiyo mimi na mke wa mkurugenzi ni kitu kimoja."

"Kanuni ni kanuni."

Akacheka. "Mdomo wewe," akasema, na hilo ndilo jina nililokuwa nalo mjini, Mdomo. "Siku ukipata cheo utatunyonga kwa kamba ya katiba."

Hakuomba tena. Okestra ilivunjwa miaka mitatu baadaye kwa tangazo lililobandikwa mlangoni na gundi, na yeye akaenda kufundisha watoto kuimba. Sikuona haja ya kumpa nakala. Kanda si ipo? Iko rafu ya sita, salama, na funguo ninayo mimi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa, na ni la kwetu.

Kanda ya gurudumu ukishaicheza inakuwa imehamia gurudumu la pili. Mtu asiyejua anairudisha mbio mpaka mwanzo, anaiweka kashani, anaona amefanya usafi. Amekosea. Ikirudishwa mbio inajizonga vibaya, huku imekazwa, kule imelegea, na baada ya miaka inakunjamana. Tena sauti za mzunguko mmoja hujichapa kwenye mzunguko wa jirani, hivyo unasikia mzuka wa noti kabla ya noti yenyewe. Kwa hiyo sisi hatukurudisha. Tuliiacha ilivyomalizika, polepole, mkia wake, yaani mwisho, ukiwa nje. Mkiani utepe mwekundu, mwanzoni utepe wa kijani. Anayetaka kusikiliza airudishe kwanza, ndipo acheze. Ndiyo kazi yote. Hakuna aliyetufundisha sisi watano wa stoo. Pamba alikuwa dereva, mimi mfagiaji, wale wengine watatu walikuwa makarani na mpishi wa kantini. Tuliigundua kwa kuharibu kanda za hotuba ambazo hakuna aliyezililia.

Ikaja habari kwamba wakubwa wanataka kuleta wenye vyeti watuondoe. Pamba alikuwa amechonga mhuri wa mpira, MKIA NJE, ili augonge juu ya kila kasha. Niliitisha kikao stoo, nikapanda juu ya kasha.

"Hakuna kugonga," nikasema. "Hakuna kuandika chochote. Kazi hii ikikaa vichwani mwetu hawawezi kutugusa. Siku wakiiona kwenye karatasi, hiyo karatasi ndiyo barua yetu ya kufukuzwa."

"Na tukifa?" Pamba akauliza.

"Watano hatufi siku moja."

"Na wakitufukuza kabla hawajajua kwamba hawajui?"

Wengine walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

"Mdomo," Pamba akasema, "wewe ukishaing'ata hoja, hata ikiwa ni ulimi wako huiachii."

Lakini aliinua mkono kama wenzake. Mhuri niliuchukua mimi nikautumbukiza chooni, na walinipigia makofi.

Miezi minane baadaye walitufukuza wote siku moja, barua moja kwa watu watano, hata karatasi walibana. Hakuna aliyetuuliza kitu. Tulisimama langoni tukisubiri waje mbio kutubembeleza. Tulisimama wiki mbili. Unajua mtu anavyosubiri kuitwa jina? Walituacha tu. Wale wenye vyeti nao hawakuletwa. Stoo ilifungwa kufuli, na redio ikaendelea kusema.

Nimezunguka tangu siku hiyo. Nimechapa vikaratasi, nimelala rumande, nimesimama kwenye malango ya viwanda nikiwahutubia watu wanaotazama saa. Pamba alikufa. Wale watatu wamekufa, mmoja mmoja, kama nilivyoahidi. Nilikuwa na mambo mengi ya kupigania na sikuikumbuka stoo, kwa sababu hoja ya stoo niliona nimeshaishinda.

Mwaka huu moyo wa dada ulichoka. Daktari alinivuta pembeni, akasema tuhesabu wiki. Nikamhamishia kwangu, nikamtandikia kitanda sebuleni karibu na dirisha ili aone watu. Asubuhi moja, nikimpangusa uso, akaniambia:

"Nataka kuisikia ile."

"Ipi, dada?"

"Unaijua. Na safari hii usinisomee katiba."

Nilikwenda redio siku ileile, Alhamisi. Nilivaa shati la kola. Mlinzi akanitambua, akaniambia, "Mdomo, umechelewa kama serikali," lakini hakueleza, akanipeleka kwa fundi. Fundi ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, fundi wa kompyuta, mpole, aliinuka kitini akanipa shikamoo na kiti chake. Nikamwambia natafuta konseto ya nne, rafu ya sita, na kwamba safari hii nimekuja kuomba nakala. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa aliyezikwa juzi.

"Baba, zile zilikaguliwa. Ni mbovu zote. Kulikuwa na kamati, nami nilikuwemo. Tulicheza kila moja, sekunde kumi kumi."

"Mbovu vipi?"

"Sumaku imekufa. Ngoja nikusikilizishe, hii tuliiacha hapa kama mfano."

Akachukua gurudumu lililokuwa mezani, akalipachika kwenye mashine kuu ya zamani, akabonyeza. Sauti zilikuja zikivimba kutoka mbali, zikipanda, zikipanda, halafu zikakatika ghafla kama mlango uliobamizwa na upepo. Tena. Tena. Kila noti ilianzia kufa ikaishia kuzaliwa. Chini ya kichwa cha mashine niliona ncha ya utepe uliotangulia. Ulikuwa mwekundu.

Nikakaa kwenye kile kiti alichonipa.

"Irudishe," nikasema.

"Nirudishe nini, baba?"

"Kanda nzima. Hapo unaisikia kinyumenyume. Irudishe taratibu mpaka utepe wa kijani utokee, halafu cheza."

Ilichukua dakika nne. Utepe wa kijani ukapita, akabonyeza, na chumba kikajaa fidla za okestra yetu, konseto ya kwanza, safi kama shuka iliyotoka kuanuliwa. Bwana Fimbo alisikika akivuta pumzi kabla ya mpigo wa kwanza. Fundi alitoa mikono mezani akaiweka mapajani.

"Imeandikwa wapi hii?" akauliza.

"Haikuandikwa."

"Kwa nini?"

"Tulikataa."

"Nani alikataa?"

"Mimi."

Hakunitukana. Ningeomba anitukane. Alifungua daftari la kamati, akapitisha kidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba chumba cha kwanza cha stoo, rafu ya kwanza hadi ya sita, kilipakiwa juzi Jumanne kwenda kwa mnunua chuma chakavu.

Nilifika kwa mnunua chuma chakavu jua likiwa utosini. Ni mtu mcheshi, mwenye mikono kama makoleo. Alikuwa amepanga magurudumu ya alumini, matupu, rundo refu kuliko mtu. Nyuma yao lilikuwa donge jeusi, kubwa kama kitanda, bado linatoa moshi.

"Mzee, mimi nataka bati la hilo gurudumu," akanieleza, kana kwamba nimekwenda kudai anifundishe biashara. "Hayo manyuzi yananisumbua tu. Kuyachambua ni kazi ya siku nzima, kuyachoma ni kiberiti kimoja."

Kasha la konseto ya nne nililikuta. Lilikuwa na boliti ndani. Juu yake, kwa penseli, ulikuwepo mwandiko wa Pamba, na jina la dada yangu. Nikamuuliza kama kuna kanda yoyote iliyookoka. Akafikiri kwa nia njema kabisa, akanipeleka uani, ambako mkewe alikuwa amefungia miche ya nyanya kwenye vijiti kwa nyuzi za kahawia. Mke alinisaidia kufungua. Aliniuliza kama ni dawa.

Nilirudi redioni. Fundi alizifuta zile nyuzi kwa kitambaa, moja moja, akaziunga kwa gundi ya utepe, akazirudisha kama nilivyomwelekeza. Zote pamoja zilitoa sekunde ishirini na tisa. Nilimwomba asizicheze. Nilitaka dada awe wa kwanza. Hicho nacho kilikuwa kiburi, nakikiri. Alizinakili kwenye simu yangu bila kusikiliza, spika zikiwa zimezimwa, na nikaenda nyumbani nikiwa nimeishika simu kama yai.

Dada alikuwa macho. Nilimwinua kwa mto wa pili. Nikamwekea simu karibu na sikio.

Mkwaruzo. Kimya. Halafu sauti ya mwanamume, ya enzi zile, ya kutamka kila herufi kwa heshima zake: kesho mvua za rasharasha zinatarajiwa nyanda za juu, na upepo utavuma kwa kiasi. Mruko. Hali ya bahari itakuwa ya wastani. Mkwaruzo. Basi.

Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo alikuwa anasoma vizuri," akasema. "Yangu ndiyo inayofuata?"

Katika maisha yangu nimewadanganya polisi, wakurugenzi na mahakimu wawili, na sikuwahi kukosa neno. Yeye nilimwambia kweli.

"Yako hakuna, dada."

"Hakuna leo, au hakuna?"

"Hakuna. Wameichoma."

Nje kulikuwa na mtu anajadiliana bei ya mkaa.

"Basi sikupiga," akasema.

"Ulipiga. Nilikuwepo."

"Wewe," akasema, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira, "wewe ulikuwa umeshika gurudumu la akiba."

Akageukia ukutani. Nilimwambia habari ya mkia, ya kikao, ya mhuri, yote. Sijui kama alikuwa anasikia. Alipumua siku tisa zaidi, akaniomba maji, akaniomba nifunge dirisha, na habari ya piano hakuitaja tena. Tulimzika Jumamosi. Walikuja watu kumi na wawili, watatu kati yao wakiwa wanafunzi wake wa zamani. Mmoja wao aliniuliza kama ni kweli mwalimu aliwahi kupiga na okestra, maana yeye alidhani ni hadithi za uzee. Nikasema ni kweli. Akanipa pole kwa namna ambayo nilijua hakuamini.

Konseto ya pili na ya tatu ziliondoka na lori lile. Ya kwanza imesalia kwa kuwa kamati iliichagua kuwa mfano wa ubovu. Ya tano, ile kubwa kuliko zote, ambayo piano inaanza kwa kumwagika kama mtu aliyekatazwa kusema miaka mingi, iko chumba cha pili. Chumba hicho hakijaguswa. Kimejaa kutoka sakafu hadi dari: kanda za okestra, za waimbaji, za wazee waliohojiwa kabla hujazaliwa, labda na babu yako yumo, na kila kasha lina alama nyekundu ya kamati, ya kutupwa. Zote ni nzima. Zote ziko mkia nje.

Fundi aliandika barua kueleza. Nimeisoma, ni barua nzuri, haina hata tusi. Jibu lilikuja kwa aya moja: kamati ilimaliza kazi yake na imevunjwa, na hakuna mwenye mamlaka ya kufuta sahihi ya kamati isiyokuwepo. Lori linarudi Jumatatu.

Leo ni Ijumaa. Nimekaa na fundi chumba cha pili tangu asubuhi. Mashine zinazofanya kazi ni mbili, kila kanda inataka dakika nne kuirudisha na nusu saa kuinakili, nasi ni watu wawili, mmoja ana miaka sabini na mbili. Siku hizi tatu hazitutoshi hata kwa rafu moja na nusu. Kwa hiyo hatuzinakili tena. Tunataka kuzitoa. Kanuni niliyomkatalia nayo dada yangu naivunja hadharani: kanda inatoka stoo, na itoke leo, mikononi mwa yeyote mwenye mikono.

Sina imani kwamba utakuja. Nimeshakuita mara nyingi mno, kwa mambo makubwa kuliko haya, na najua mgongo wako kuliko ninavyojua uso wako. Ila sasa huna pa kujificha kwa kusema hukujua. Nimekuandikia kazi yote, utepe mwekundu na utepe wa kijani.

Mlango wa nyuma wa redio, ule unaotazama karakana, uko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mlinzi amegeuza kiti chake upande wa barabara. Njoo na gunia, na mkokoteni kama unao, na jirani yako. Bebeni makasha kumi kumi, yawekeni pakavu, wima, mbali na jiko, na msiyafungue. Weka hii karatasi chini. Vaa viatu. Njoo sasa.